Mikono yangu inanuka samaki. Nitamkaribiaje Mungu mtakatifu?

Bwana asifiwe, Mwalimu.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 43, nauza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Kisumu. Niliokoka mwaka 2004. Nakuandikia kwa sababu jambo hili nimeshindwa kumwambia pasta wangu, na mume wangu nikilianza ananiambia niache kufikiria sana.

Miezi minane iliyopita alikuja mhubiri mgeni kanisani kwetu, akahubiri siku tatu mfululizo juu ya utakatifu wa Mungu. Siku ya mwisho alisoma habari za Uza, yule aliyenyoosha mkono akalishika Sanduku la Mungu wakati ng'ombe walipojikwaa, akafa papo hapo. Mhubiri akainua mikono yake juu, akatuuliza, "Uza alikuwa anasaidia, na bado alikufa. Wewe je, unayeingia hapa na mikono yako hiyo?" Nikaitazama yangu.

Mwalimu, mimi huamka saa kumi alfajiri nikangoje mashua ufuoni. Natandaza omena, nageuza, naanua mvua ikitisha, napima, nafunga. Hata nikijisugua kwa limau na sabuni ya kipande, ile harufu haitoki, na magamba madogo hubaki kwenye kucha. Ibada ya Jumatano jioni naenda moja kwa moja kutoka sokoni. Zamani sikujali. Sasa nikiketi naona kama kila mtu ananinusa, na Mungu pia.

Tangu siku hiyo sijashiriki Meza ya Bwana. Ikifika Jumapili ya Meza nasema naumwa, au najitolea kukaa na watoto wa shule ya Jumapili. Kuomba nako kumekuwa kugumu. Napiga magoti, nasema "Mungu mtakatifu," halafu maneno yanakauka mdomoni.

Kisha kuna binti yangu, yuko kidato cha tatu. Yeye huomba akiwa amelala kitandani, anamwita Mungu "Dadi", anamweleza habari za hesabu na za marafiki zake kama anayepiga simu. Nikimwambia apige magoti ananijibu, "Mama, Mungu si mwalimu wa zamu." Inaniumiza. Wakati mwingine namwonea wivu.

Kuna pia mambo ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia, lakini hiyo ni biashara na sokoni wengi wanafanya hivyo. Yangu imegongwa kidogo chini. Mteja wangu mmoja, mama wa Ahero anayechukua gorogoro kumi kila baada ya wiki mbili akauze rejareja, aliwahi kuniuliza mbona omena zinapungua akifika kwake. Nikamwambia zinakauka njiani.

Swali langu ni hili: kama Mungu ni mtakatifu kiasi hicho, mtu kama mimi anamkaribiaje? Na kati yangu na binti yangu, nani anakosea?

Muuza Omena, Kisumu

*

Bwana asifiwe sana, dada yangu.

Nimefundisha somo la dini hapa Nakuru miaka mingi, na habari ya Uza nimeisomesha darasa baada ya darasa. Lakini ni barua yako iliyonifanya niisome tena yote hadi mwisho wa sura. Nakusihi nawe ufungue 2 Samweli 6, na usiishie pale mhubiri wenu alipofungia Biblia.

Uza anakufa katika mstari wa 7. Daudi anashikwa na hofu, kama wewe. Anakataa kuliingiza Sanduku mjini mwake, analigeuza njia na kulipeleka kwa mtu aitwaye Obed-edomu Mgiti. Mgiti kwa kawaida ni mtu wa Gathi, mji alikotoka Goliathi. Sanduku likakaa kwa huyo mtu miezi mitatu. Tena nyumbani kwake, dada. Mahali pa kupikia na kulala, penye watoto wa kufukuzwa wasicheze karibu na moto, penye mtu anayekohoa usiku. Nikiwa wewe ningetarajia msiba kila wiki. Biblia inasema Bwana alimbariki Obed-edomu na nyumba yake yote. Habari hizo zilipomfikia mfalme ndipo akapata moyo wa kwenda kulichukua Sanduku, na safari hii kwa furaha.

Sanduku lilikuwa lile lile, na utakatifu ule ule. Mhubiri aliyekusimulia kifo akaacha ile miezi mitatu alikupa nusu ya neno, na wewe umeishi na nusu hiyo miezi minane. Hilo limenisikitisha.

Kuhusu Uza mwenyewe sitakulainishia mambo. Kisa chake kinatisha na kimeandikwa kitishe. Ila tafuta mstari unaosema mikono yake ilikuwa michafu. Hutaupata. Sheria ilikuwa imeagiza, katika Hesabu 4, kwamba vyombo vitakatifu vichukuliwe na wana wa Kohathi, ukoo mmoja wa Walawi, wala wasiviguse, na Sanduku lilikuwa na miti yake ya kulichukulia mabegani. Siku ile walilipakia kwenye gari la ng'ombe, kama walivyofanya Wafilisti kabla yao. Uza alikuwa mwana wa Abinadabu, na Sanduku lilikuwa limetunzwa nyumbani kwa baba yake. Nadhani, na hili ni wazo langu tu, lilikuwa limekuwa kwake kama kabati la pale sebuleni. Alilizoea. Wewe, unayeshindwa hata kutamka sentensi ya pili ya sala, una matatizo mengine, lakini la mazoea huna.

Sasa tuliangalie neno lenyewe, maana nahisi ndilo lililokukwama. Kiswahili chetu kilipata "takatifu" kutoka "takata", yaani kuwa safi. Nguo iliyofuliwa vizuri hutakata. Huko Kisumu, kwa Kijaluo, Roho Mtakatifu mnamwita Roho Maler, na maji safi ni pi maler. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia "Mungu mtakatifu", sikio lake linasikia kwanza usafi, na papo hapo anatazama kucha zake. Si kosa. Usafi umo kweli katika maana yake. Lakini neno la Kiebrania, kadoshi, linabeba kwanza wazo la kutengwa, la kuwa peke yake, pasipo wa kufananishwa naye. Maserafi, wale viumbe wa mbinguni, wanaposema "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" katika Isaya 6, hawasifu usafi kama wa shuka jeupe. Wanafunika nyuso kwa sababu hakuna mwingine aliye kama Yeye. Wanarudia mara tatu kwa kuwa ndivyo Mwebrania alivyokoleza neno, kama sisi tunavyosema "mbali mbali kabisa".

Na katika sura hiyo hiyo tazama nani anamwendea mwenzake. Ilikuwa mwaka aliokufa mfalme Uzia, yapata 740 kabla ya Kristo. Isaya analia, "Ole wangu!" kwa ajili ya midomo yake michafu. Haambiwi atoke nje akaoge kwanza. Serafi mmoja analichukua kaa la moto kutoka madhabahuni kwa makoleo, analileta mpaka mdomoni pake, na uovu wake unaondolewa. Moto ulitoka kwa Mungu ukamfuata mtu pale alipo. Utakatifu ulitembea, dada yangu. Haukukaa mbali ukishika pua.

Kuna mkono mwingine nataka uuweke karibu na ule wa Uza. Ni wa yule mwanamke wa Marko 5, aliyetokwa na damu miaka 12. Kwa sheria ya Walawi 15, hata kitanda alicholalia kilikuwa najisi, na aliyekigusa akawa najisi mpaka jioni. Mama huyo akapenya katikati ya umati akanyoosha mkono, akagusa vazi la Yesu, na hakufa. Uchafu haukupanda kwenda kwa Bwana, uzima ndio ulioshuka kuja kwake. Alipokuja akitetemeka, akaanguka mbele yake na kumwambia kweli yote, aliitwa "Binti".

Na Petro je? Huyu ni mtu wa kazi yenu kabisa. Soma Luka 5 ukiwa umekaa ufuoni, utaielewa kuliko mimi niliyekulia Kakamega nikiona samaki waliokwisha kukaangwa. Amekesha ziwani usiku kucha bila kupata kitu. Asubuhi anaosha nyavu, na mtu aliyechoka hivyo anataka kulala tu. Yesu anaazima chombo chake, anafundisha watu, kisha anamwambia atweke mpaka kilindini. Wanapata samaki hata nyavu zinaanza kukatika, wanajaza vyombo viwili mpaka vinataka kuzama. Ni hapo, samaki wakiwa wanarukaruka magotini pake, utelezi na magamba kila mahali, Petro anatambua aliye mbele yake ni nani. Anaanguka magotini pa Yesu: "Ondoka kwangu, kwa maana mimi ni mtu mwenye dhambi, Bwana."

Hakusema "mimi ni mtu mwenye harufu". Alikuwa nayo, nina hakika, kuliko wewe siku ya Jumatano. Haikumjia hata kidogo. Mbele ya utakatifu wenyewe mtu huona kilicho kibaya kweli, na shombo la kazi ya halali halimo. Yesu naye hakuondoka kama alivyoombwa. Alisema, "Usiogope."

Sasa nivumilie, maana nafika pagumu, na naandika kama dada anayekupenda.

Harufu ya samaki umeipa aya nzima katika barua yako. Gorogoro umeipa mistari michache karibu na mwisho, tena umeizungushia "lakini". Mimi nimefika pale nikasimama. Nafikiri moyo wako ulishajua kabla ya yule mhubiri kufika Kisumu. Alipoinua mikono, wewe ukatazama kucha, kwa kuwa kucha ni rahisi kutazama. Maneno yanayokukauka mdomoni ukipiga magoti, sidhani yanakaushwa na shombo.

Fungua Walawi 19. Inaanza kwa Mungu kusema, "Mtakuwa watakatifu, kwa kuwa mimi Bwana, Mungu wenu, ni mtakatifu." Ungedhani kinachofuata ni habari za uvumba na mavazi meupe. Kinachofuata, kwa sehemu kubwa, ni mambo ya shamba na soko: usivune mpaka pembeni, waachie maskini. Ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Usiweke kikwazo mbele ya kipofu. Na katika mstari wa 36, mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki, hini ya haki. Efa, dada yangu, kilikuwa chombo cha kupimia nafaka, vitu vikavu. Ilikuwa gorogoro yao. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawataja wafanyabiashara wanaongoja sabato iishe ili wakafungue ngano, "mkiipunguza efa". Hawa ni watu waliokuwa ibadani asubuhi ile ile, na akilini wanagonga mkebe.

Ndiyo maana nakuambia Mungu mtakatifu hatishwi na mikono yako. Anakwenda moja kwa moja kwenye ule mkebe. Angekuwa mungu wa usafi wa nje tu, ungempendeza kwa limau na sabuni. Yeye anamwona mama wa Ahero akimwaga gunia lake, akipima tena, akihesabu, akidhani labda yeye ndiye hajui kupima.

Wewe unajua biashara ya omena, kwa hiyo utanielewa. Ukizirundika zikiwa mbichi na kuzifunika turubai, zinaoza na kutoa funza. Ukizitandaza peupe, jua lile lile ambalo ungedhani litaziharibu linazikausha zikadumu miezi. Ulichofunika ndicho kinachooza. Mtandazie Mungu. Hosea 11 ina neno ambalo hulisikii sana katika mahubiri ya kutisha. Mungu ameudhiwa na watu wake, ana kila sababu ya kuwamaliza, naye anasema hatafanya hivyo, "kwa maana mimi ni Mungu, wala si mwanadamu, mimi ni Mtakatifu katikati yako." Binadamu aliyepunjwa angelipiza. Yeye ndiye asiyefanana na binadamu, ndipo anasamehe.

Basi fanya hivi. Nunua gorogoro nyingine, nzima, leo ukiweza. Mama wa Ahero akija, mkalishe pembeni mkiwa wawili, umwonyeshe ile ya zamani na umwambie, "Nilikuwa nakupunja, na nilikudanganya kwamba zinakauka njiani." Usitangulize kumwambia Mungu amekusamehe. Neno hilo ni tamu, lakini yeye bado hajalipwa. Zakayo alipompokea Bwana nyumbani alitaja hesabu: mara nne kwa kila aliyemnyang'anya. Sikuamuru mara nne. Kaeni mhesabu pamoja, gorogoro kumi kila wiki mbili, imepungua kiasi gani, kwa muda gani, kisha umrudishie kidogo kidogo mpaka aseme imetosha. Wale wateja wadogo ambao huwezi kuwafuata, wapimie na kujaza mpaka imwagike. Utaumia kwa miezi kadhaa. Huenda akakuhama. Mume wako mweleze kabla, kwa kuwa hasara itaingia jikoni kwake pia, na si haki aisikie kwa watu.

Kuhusu Meza ya Bwana, soma 1 Wakorintho 11 polepole. Paulo anasema mtu ajihoji mwenyewe, "na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe". Anajihoji ili ale. Hakusema ajihoji kisha akajifiche na watoto wa shule ya Jumapili. Na kosa lililowafanya Wakorintho wale isivyostahili lilikuwa nini? Wenye chakula walitangulia kula, wasio nacho wakabaki na njaa. Lilikuwa kosa la kumpunja ndugu, dada yangu. Ukisha kuzungumza na mama wa Ahero, nenda mezani. Na kama hajaja mpaka Jumapili ya Meza, mpigie simu Jumamosi.

Binti yako sasa. Nilipokuwa na miaka saba au minane huko Kakamega, radi zetu unazijua. Mawingu yakifunga, nyanya yangu alizima redio, akafunika kioo kwa leso, akatuita wote ndani, na hakuna aliyeruhusiwa kucheka. Radi ikipiga nilihisi mifupa yangu ikilia. Lakini nilikuwa nimekaa katikati ya magoti yake, kanga yake imenifunika, mkono wake juu ya kichwa changu. Nilitetemeka na nilikuwa salama, kwa wakati mmoja, na sikuona ajabu yoyote.

Binti yako amekalia magoti, radi hajaisikia. Wewe umesikia radi, umesahau magoti. Yesu alitufundisha sala inayoanza na "Baba yetu" na kabla hatujavuta pumzi inasema "Jina lako litukuzwe". Mwache aendelee kumwita Baba, hata kwa jina lake hilo la vijana. Kweli Mungu si mwalimu wa zamu, hapo amesema sawa. Usimlazimishe magoti. Msomee Isaya 6 usiku mmoja, taratibu, bila kuongeza mahubiri, halafu mwombe akuombee wewe. Unamwonea wivu, umesema mwenyewe. Jifunze kwake kidogo. Na siku utakapotoka kuzungumza na mama wa Ahero, mweleze ulichofanya na kwa nini. Nadhani atamwona Mungu mtakatifu hapo kuliko katika magoti uliyokuwa unampigania.

Ule mkebe wa zamani usimpe mwenzako wala usiuache sokoni, mtu asije akauokota akapimia. Utoboe chini kwa msumari, weka udongo, upande dania mlangoni pako.